Kuchagua betri ya kuendeshea darubini yenye mota ukiwa mbali na umeme

Stendi ya darubini yenye mota hula umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani, lakini haivumilii volti kushuka. Mota mbili zikianza kuzunguka kwa pamoja kuelekea nyota mpya, mvuto wa umeme hupanda ghafla na volti za betri huporomoka kwa sekunde chache. Zikishuka chini ya kiwango ambacho kompyuta ya ndani inakihitaji, rimoti hufifia, huzima, kisha huwaka upya kama vile ndiyo kwanza imewashwa. Hapo kila kitu kimepotea. Unaanza tena kuingiza tarehe, saa na mahali ulipo, unatafuta tena nyota za kuanzia, na huenda betri yenyewe bado ina nusu ya chaji.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe "ina Ah ngapi?" (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Liwe hili: mota zikivuta kwa nguvu, volti zinabaki ngapi kwenye plagi inayoingia kwenye stendi? Ah ni swali la pili. Uzito na bei vinafuata.

Anza na stendi yako

Stendi nyingi hutumia volti 12 za DC, lakini soma kijitabu chake uone mipaka. HEQ5 ya Sky-Watcher hukubali volti 11 hadi 15, na EQ6-R hukubali 11 hadi 16. Kama kijitabu kinasema "12V" tu bila mipaka, jiwekee mwenyewe: isishuke chini ya 11.5 wala isipande juu ya 14. Vistendi vidogo vya kubebea kamera, kama Star Adventurer 2i, huendeshwa na volti 5 kupitia USB, na pawabenki ya simu inavitosha kabisa. Usiichanganye na ndugu yake, Star Adventurer GTi, ambayo ni ya volti 12.

Stendi kama NexStar SE zina nafasi ya betri 8 ndogo za AA. Betri mpya za alkali huanza na volti 12, halafu hushuka haraka kila darubini inapozungushwa. Ukiweka zile za kuchaji za nikeli, kila moja ina volti 1.2, kwa hiyo nane zinakupa kama 9.6 tu. Zichukulie AA kuwa za dharura, au za kumwonyesha mtoto mwezi kwa nusu saa.

Kwetu huku karibu na ikweta kuna jambo jingine linalogusa umeme. Nairobi iko nyuzi 1 kusini, Kampala haifiki hata nyuzi moja kaskazini, Dar es Salaam iko karibu 7. Stendi za mhimili wa ikweta, ambazo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, zinatakiwa kulazwa karibu sambamba na ardhi katika maeneo haya, na nyingi hazikuundwa kulala kiasi hicho: uzito wa kusawazisha darubini hugonga mguu wa stendi. Kwa hiyo wengi hutumia stendi za kupanda-shuka na kulia-kushoto. Hizo hutumia mota zote mbili muda wote zinapofuata nyota, wakati ile ya ikweta hutegemea zaidi mota moja. Halafu tundu la umeme kwenye baadhi yake liko sehemu inayozunguka, kwa hiyo waya hujizungusha kwenye miguu. Tutarudi kwenye hilo.

Pima unachotumia

Tafuta mita ya DC ya kuunga katikati ya waya, ile inayoonyesha volti, ampea na Ah zilizopita. Ni ya bei ndogo na itakusaidia miaka mingi. Ukiwa na multimita ya kawaida, weka waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kisha uiunge mfululizo kwenye waya wa chanya. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Anayesahau akagusisha mita kwenye vichwa vya betri ili apime volti amefunga sakiti fupi: fyuzi ya mita huungua, na kama mita ni ile isiyo na fyuzi, huungua waya.

Pima hali mbili: stendi ikifuata nyota, na stendi ikizunguka kwa kasi ya mwisho huku darubini, kamera na lenzi vimefungwa kama utakavyovitumia. Stendi za ukubwa wa kati kwa kawaida huvuta karibu nusu ampea zikifuata nyota, na ampea 1 hadi 2 au zaidi zikizunguka kwa kasi. Ukiona zaidi ya hapo, angalia mizani ya darubini kabla ya kununua betri kubwa. Darubini isiyosawazishwa hulazimisha mota kunyanyua uzito kila wakati.

Kisha ongeza vifaa vingine. Pwani na kando ya maziwa, kinachomaliza betri kwa kawaida si mota, ni mkanda wa joto wa kuzuia umande kwenye lenzi. Mkanda wa darubini ya inchi 4 hadi 6 huvuta karibu ampea 1, na wa inchi 8 unaweza kukaribia 2. Kamera yenye kipoza hutaka ampea kadhaa peke yake. Kompyuta ya mapajani ipe betri yake, usiiunge kwenye betri ya stendi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme unakaa saa 6. Stendi 0.6A mara 6 ni 3.6Ah. Ongeza 0.4 kwa ajili ya kuzungukazunguka: 4Ah. Mkanda wa joto 1A mara 6 ni 6Ah. Jumla 10Ah. Betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya 20Ah. Ya LiFePO4 (aina ya lithiamu, tutaieleza hapa chini) unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo 12.5Ah, na dukani utachukua ya 15. Ukiacha mkanda, 4Ah zinatimizwa na betri ya risasi ya 9 au 12Ah, au LiFePO4 ya 6 au 7.

Betri zilizopo sokoni

*Betri ya risasi iliyofungwa, AGM.* Ile nyeusi ya 12V 7Ah inayokaa ndani ya UPS, kengele za wezi na fensi za umeme. Inapatikana karibu kila mji, bei yake ni nafuu, na haimwagi asidi ukiilaza. Ina uzito wa kilo 2 hadi 2.5, na ya 18Ah hukaribia kilo 6. Ikijaa na kupumzika husoma volti 12.7 hadi 12.8, ikifika nusu husoma karibu 12.2, na kwenye 11.8 imekwisha. Tazama sasa tatizo lilipo: ikiwa nusu, yaani 12.2, mota zikavuta ampea 2 kupitia waya mwembamba, kwenye plagi unaweza kubaki na 11.3. Stendi inaendelea kufanya kazi kwa shida. Betri ileile ikiwa na miaka mitatu huanguka hadi 10.5, na stendi inazima. Kwa mtu anayeanza, AGM ya 12Ah mpya ni chaguo zuri, mradi akubali kuibeba na kuichaji mara tu anaporudi nyumbani.

*Betri ya gari au ya pikipiki.* Iache. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kuwasha injini. Ukiikausha usiku kucha mara kwa mara, sahani zake nyembamba huharibika mapema. Ukiwa umeunga stendi kwenye gari lenyewe, kuna hatari mbili: asubuhi gari lisiwake, au mtu awashe injini usiku na volti zishuke hadi 9 au 10 kwa sekunde moja. Sekunde hiyo moja inatosha kukupotezea nyota zote. Kama lazima utumie gari, chomoa stendi kabla ya kugeuza ufunguo.

*LiFePO4.* Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa anayetoka zaidi ya mara moja kwa mwezi. Seli nne za volti 3.2 hutoa 12.8, na karibu usiku wote husoma kati ya 13.3 na 12.9 bila kushuka kwa kuonekana. Mota zikivuta, stendi haihisi. Ya 12Ah ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na hustahimili kuchajiwa mara elfu mbili au zaidi. Ina kasoro mbili za kujua. Kwanza, kwa kuwa volti hazishuki, mita ya volti haikuambii imebaki kiasi gani. Hesabu Ah zilizotoka. Ikifika mwisho, bodi ya ulinzi, BMS, hukata ghafla bila onyo, na baadhi ya bodi hazifunguki mpaka uunge chaja. Pili, ikitoka tu kwenye chaja inaweza kusoma hadi 14.6. Stendi ya kikomo cha 15 au 16 haina tatizo. Kama yako haikusema kikomo, iache betri ipumzike saa moja, au anza kwa kuwasha mkanda wa joto dakika chache.

*Lithiamu ya kawaida ya seli tatu.* Pakiti nyingi za plastiki zinazouzwa kwa jina "12V lithium" ni hizi. Zikijaa zina 12.6, zikifika katikati zina karibu 11.1, na BMS hukata kwenye 9 hivi. Maana yake ni kwamba kwa nusu ya pili ya chaji yake, stendi inayotaka 11 haiwezi kuitumia. Ukishainunua, weka kati yake na stendi moduli ya kupandisha na kushusha volti yenye uwezo wa ampea 5, uirekebishe itoe 12.5. Irekebishe kwa multimita kabla ya kuunga chochote, kisha weka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ndogo ya marekebisho ili isigeuke mfukoni. Pakiti za seli nne za aina hii zikijaa hufika 16.8, na hiyo imepita kikomo cha stendi nyingi. Vifaa vya kuwashia gari lililoishiwa betri mara nyingi hutoa umeme usiodhibitiwa kwenye vibanio vyake, kwa hiyo pima kwanza.

*Pawabenki ya USB-C.* Hapa watu hupotea kwenye tarakimu. "20,000mAh" zimehesabiwa kwenye volti 3.7, yaani 74Wh (wati-saa). Ukigawa kwa 12 unapata kama 6Ah, na baada ya hasara ya kubadilisha volti zinabaki 5 hivi. Zinatosha usiku wa stendi ndogo. Tatizo ni kwamba mfumo wa PD, ule ambao kifaa huomba volti kupitia USB-C, haumlazimishi mtengenezaji kutoa volti 12. Nyingi hutoa 5, 9, 15 na 20 tu, na kebo maalumu inayoomba 12 hupewa 9 au 5. Soma maandishi madogo mgongoni: yaonekane 12V, na ampea zake ziwe 2 au zaidi. Nyingine hujizima zikiona mvuto ni mdogo sana.

*Vituo vya umeme vyenye soketi za ukutani.* Ni vizuri kwa kambi, lakini tumia tundu lake la 12V la DC. Ukipita kwenye inveta hadi 230V kisha adapta irudishe 12V, unapoteza robo ya umeme au zaidi kwa joto tu.

Jinsi ya kutambua lebo ya uongo

Ukienda Luthuli au Kariakoo, beba multimita na mizani ndogo ya samaki. Uzito haudanganyi. AGM ya 7Ah isiyofika kilo 2 haina risasi ya kutosha. LiFePO4 inayojiita 20Ah yenye uzito wa kilo moja haiwezi kuwa 20Ah. Seli za duara za 18650 zilizo bora hufika karibu 3,500mAh. Ukiona seli moja imeandikwa 9,900, hilo duka lipite.

Ukifika nyumbani, ipime kwa taa ya breki ya gari, balbu ya 12V 21W. Ijaze betri, unga balbu kwa waya wenye fyuzi, iweke juu ya kigae kwa sababu huwa ya moto, na andika saa. Balbu hiyo huvuta karibu 1.8A. LiFePO4 ya kweli ya 12Ah inapaswa kuiwasha saa 6 na nusu hivi. AGM ya 7Ah isimamishe ikifika volti 11.5 huku balbu inawaka. Ikiwa nzima, inapita saa mbili. Fanya jaribio hili tena kila mwaka, na andika matokeo kwenye kipande cha plasta juu ya betri yenyewe.

Waya, plagi na fyuzi

Mara nyingi betri hulaumiwa kwa kosa la waya. Chukua waya wa mita 3. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6 za shaba. Ukiwa wa milimita mraba 0.5, kwenye mvuto wa 4A unapoteza volti 0.84. Wa 0.75 unapoteza 0.56. Wa 1.5 unapoteza 0.28 tu. Nunua wa 1.5 wenye nyuzi nyingi laini, na uufupishe hadi mita moja na nusu kama betri inaweza kukaa kwenye trei ya stendi. Hapo uzito wa betri hata husaidia stendi isitikisike kwa upepo. Na waya unaodai ni wa shaba ukwangue kwa kisu: ukiona ndani ni mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara yake ni kubwa zaidi.

Plagi ya stendi nyingi ni ya duara, 5.5mm nje na tundu la 2.1mm, chanya ikiwa ndani. Hakikisha kwa kuangalia alama iliyochorwa karibu na tundu. Ipo nyingine inayofanana nayo kabisa, ya 5.5 kwa 2.5. Hiyo inaingia kwenye pini ya 2.1 bila kupinga, lakini inacheza. Gusa waya kidogo na stendi inazima. EQ6-R hutumia plagi ya pini mbili yenye pete ya kukaza, na hiyo haina tabu hii. Tundu la kuchajia simu la gari liepuke pia: plagi yake husukumwa nje na springi yake yenyewe. Lehemu waya moja kwa moja, au tumia viungio vya XT60 upande wa betri.

Fyuzi ya 5A iwe kwenye waya wa chanya, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kichwa cha betri. Ukiiweka upande wa stendi, waya wote uliobaki hauna ulinzi, na betri ndogo hivi inaweza kutoa ampea za kuchoma waya na hema.

Upande wa stendi, funga waya kwa kamba ya kunata kwenye mkono wa stendi, ukiacha kitanzi kilegevu, ili mtu akijikwaa gizani avute kamba, isiwe plagi. Kwenye NexStar washa kipengele cha Cordwrap ndani ya rimoti, stendi ijizuie kuzunguka kupita kiasi na kujifunga waya.

Kuchaji na kutunza

AGM hutaka chaja inayofika volti 14.4 hadi 14.7 kisha ishuke hadi kama 13.6 na kukaa hapo. Ihifadhi ikiwa imejaa, uichaji tena kila baada ya miezi mitatu. AGM iliyoachwa tupu wiki kadhaa huganda salfa kwenye sahani zake, na hairudi tena uwezo wake. LiFePO4 hutaka chaja yake ya 14.6V inayokata kabisa. Chaja za risasi zenye hatua ya "kufufua betri" hupandisha volti kupita kiasi, usizitumie. Ihifadhi ikiwa nusu, mahali penye ubaridi. Joto la bati la paa huua aina zote mbili mapema. Usichaji lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0, jambo linalowahusu wanaolala juu kwenye Mlima Kenya au Kilimanjaro. Kuitumia kwenye baridi hiyo ni sawa.

Paneli ya sola ya wati 20 hutoa kama ampea moja jua likiwa kali, kwa hiyo saa tano za jua hurudisha Ah 5 hivi. Chaji kontrola iwe na mpangilio wa aina ya betri yako. Nyingi za bei rahisi ni za risasi tu.

Kwa safari za ndege, zidisha volti kwa Ah. Mpaka 100Wh lithiamu huenda nawe ndani ya ndege, kamwe si kwenye sanduku la kukabidhi. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. LiFePO4 ya 7Ah ni 89.6Wh, inapita. Ya 12Ah ni 153.6, omba ruhusa mapema. Anayepanga kwenda Luxor kwa kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027 achague ya 7Ah yenye Wh zilizochapwa juu yake, na azibe vichwa vyake kwa tepu. Lebo ikifutika, mkaguzi hana sababu ya kukuamini.

Stendi ikianza kusumbua

Taa nyekundu ya umeme kwenye stendi za Sky-Watcher ikimetameta polepole, volti zimeshuka. Ikimetameta haraka, zimekaribia mwisho. Rimoti ya NexStar ikiandika "No Response 16" au "17", imepoteza mawasiliano na mota moja: anza na umeme kabla ya kufungua kitu chochote. Stendi ikizima tu inapozunguka kwa kasi, pima volti kwenye plagi, mwenzako akibonyeza rimoti. Zikishuka kwenye plagi huku kwenye vichwa vya betri zimebaki juu, ni waya. Zikishuka kote, ni betri. Zisiposhuka popote na bado inazima, kamata plagi na uitikise taratibu: pini ya ndani ya tundu imelegea, na ncha nyembamba ya bisibisi ndogo ikiingizwa kwenye mpasuo wake, umeme ukiwa umechomolewa, huitanua ikashika tena.